Kofia ya Mgomba

Wahenga wanasema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Idwal Prosser ama hakuwasikia, ama aliwasikia akawapuuza, maana ndivyo alivyoumbwa. Aliupanda mgomba wake juu ya kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe, kwenye vijibustani vilivyo nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba za Cwm Helyg, kijiji chetu cha bondeni, mahali ambapo mvua hunyesha utadhani imeajiriwa kwa mwezi na inaogopa kufukuzwa. Na mgomba ukamea. Ukampita urefu, ukatoa machipukizi mawili nayo yakasimama, na watu wakawa wanapanda mlima Jumapili baada ya kanisa kwenda kuutazama na kumcheka mwenyewe.

"Ndizi ziko wapi, Idwal?"

"Zinakuja."

Mwaka nenda, mwaka rudi, zinakuja. Hazikuja wala hazitakuja, maana ule ni mgomba wa majani tu, wa aina inayostahimili ubaridi. Na hata kustahimili kwenyewe kuna masharti. Kila Novemba ilibidi ukatwe majani na kuvalishwa kama mtoto mchanga, usije ukafa kabla ya Aprili. Idwal aliuvalisha peke yake, hakumwomba mtu msaada, na hakumweleza mtu alifanyaje.

Kwetu majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi. Ukiita "Prosser!" barabarani, inageuka nusu ya barabara. Kwa hiyo kila mwanamume hupewa jina la pili kutokana na kazi yake au ujinga wake. Yuko Twm Mkate. Yuko Gethin Njiwa, rafiki wa Idwal tangu walipokuwa mgodini, anayefuga njiwa wa mashindano na kuwaongelesha vizuri kuliko alivyowahi kumwongelesha mkewe. Yuko Alun Taka, mzoa mapipa. Na Idwal akawa Idwal Ndizi. Wanawake hawapewi majina. Mwanamke huvaa la mumewe, limtoshe lisimtoshe, na Nesta, mke wa Idwal, aliitwa Nesta wa Ndizi, jina asilolipenda hata siku moja.

"Mti hauzai, unavalishwa," alikuwa akisema. "Mimi koti langu limetoboka kiwiko, hakuna aniangaliaye." Kule bustanini hakukanyaga. Alikuwa na magomvi yake mengine ya kushughulikia, hasa ugomvi wa mfuniko.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila Novemba mfuniko wa pipa lake la taka, mfuniko mzuri wa bati, ulitoweka. Pipa linabaki wazi msimu mzima, paka wanaingia, mvua inajaa, majivu yanageuka uji. Kisha ikifika Aprili, asubuhi moja, mfuniko umerudi mahali pake umeoshwa! Nesta alikaa akafikiri: nani anashika mapipa ya watu? Alun Taka. Basi Jumanne zote za majira ya baridi Nesta alimsubiri mlangoni na kumpa maneno yake. Mwizi wa mifuniko. Mtoto asiye na haya, na mama yake mwimbaji wa kwaya! Alun, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliinamisha kichwa, akalibeba pipa, akaenda zake. Na Idwal mezani anakunywa chai, anasema, "Mwache tu, mke wangu. Labda ni upepo."

Mwishoni mwa Oktoba kiharusi kilimwangusha Idwal palepale jikoni, na kikombe mkononi. Upande wa kulia ukalala wote. Maneno yakaondoka, yote, ya kanisani na ya kilabuni, ya kusifu na ya kutukana. Likabaki moja.

"Kofia," alisema hospitalini, Nesta alipofika kitandani.

"Kofia?"

"Kofia."

Nesta akacheka na kulia kwa pamoja. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Neno moja ni neno, na mume mwenye neno moja si maiti. Alimshukuru Mungu kwa hilo akiwa bado amesimama na mkoba begani. Halafu akasema, "Haya, mzee wangu. Nimekusikia. Utavaa." Maana mwanamume wa bonde letu hafi bila kofia kichwani, wala haponi bila kofia. Hilo analijua hata mtoto.

Kesho yake akamletea ile ya kijivu, bapa, ya kila siku. Idwal akaitazama, akaichukua kwa mkono wa kushoto, akaitupa chini.

"Ahaa, anataka ya kanisani," Nesta akasema. Akaleta ya kanisani. Ikatupwa. Gethin akaleta nyekundu ya raga. Ikaruka mpaka kitanda cha jirani. Wazee wa kilabu wakachanga kofia zao, mmoja akatuma hata ile ya kufumwa aliyofumiwa na mama yake marehemu. Mwishowe Gethin akapanda basi na ile kofia ngumu ya mgodini, pamoja na taa yake.

Muuguzi akashika kiuno. "Mama, mgonjwa wetu huyu ana kichwa kimoja tu."

"Kofia," Idwal akasema, na chozi likamtoka jicho la upande mzima. Akageukia ukutani.

Huko kugeukia ukutani ndiko kulikomtia Nesta hofu, maana haikuwa mara ya kwanza. Mgodi ulipofungwa, Idwal alilala akiutazama ukuta majira yote ya baridi. Hakuumwa kitu. Alikuwa amemaliza tu. Ndipo siku moja sokoni akaona mche kwenye kopo la rangi, majani mawili yaliyochanika, akaununua, na kesho yake akaamka kabla ya jua kwenda kuuchimbia shimo. Hawakujaliwa kupata watoto. Mgomba ule ndio uliomwinua, na Nesta, kwa midomo yake yote, hilo hakuwa amelisahau.

Daktari naye hakumficha. "Mguu unaweza kurudi, mama, akiufanyisha kazi. Lakini hataki. Asipotaka mwenyewe, sisi hatuwezi kumtakia."

Nesta akatoka pale akijua jambo moja. Siku Idwal atakapoletwa nyumbani, aukute mgomba wake hai. Akiukuta umekufa, ukuta uko hata chumbani kwao.

Akaenda kumgongea Gethin. "Wewe ulikuwa ukimwona akiuvalisha. Unajua kufanya?"

"Shemeji! Nimemwona miaka yote."

Alimwona, ndiyo, kwa macho ya mtu anayesubiri rafiki yake amalize waende kilabuni. Lakini Gethin alijitolea, na mgongo wake ule uliopondwa na jabali mgodini, na mvua ile, na matope yale. Walikata majani. Walizungusha wavu wa kufugia kuku, wakasimamisha migomba yote mitatu ndani yake, wakashindilia nyasi kavu mpaka juu, na kwa nje wakafunga magunia kwa kamba. Nesta, ambaye hakuwahi kukanyaga pale, alitoka na nyasi mpaka ndani ya soksi.

"Na juu je?" akauliza. "Huku juu pabaki wazi?"

"Pabaki wazi, shemeji. Mti nao unapumua." Gethin akaligonga gunia. "Huu hata ukiupeleka kwenye barafu hautasikia kitu."

Hilo ndilo kosa, na lilifanywa kwa upendo mtupu. Walifikiria baridi tu. Mvua ni ya kila siku, na mtu wa huku haioni tena mvua, kama vile asivyoiona pua yake.

Jioni hiyo Nesta akamwambia Idwal, "Tumeuvalisha mgomba wako. Mimi na Gethin. Umenona kama Twm Mkate." Alitegemea kuona japo tabasamu. Idwal akamshika mkono akaubana. "Kofia," akasema. "Kofia! Kofia!" Muuguzi akaja kumtuliza.

Kwetu mtu akiuguza hapigiwi kelele za pole. Anawekewa sahani mlangoni. Nesta alikuwa akirudi kutoka hospitali jioni, miguu imevimba, anaikuta supu ya kondoo imefunikwa kitambaa, au viazi na nyama, au mkate wenye zabibu kavu. Hakuna jina. Alizitambua sahani kwa maua yake. Na sahani hairudi tupu, kwa hiyo Jumamosi alikiweka kikaango kizito jikoni, akaoka vikeki vya mviringo, akavipanga juu ya sahani za watu na kuzirudisha mlango kwa mlango. Hivyo ndivyo tunavyoshukuru. Asante ya mdomo tu kwetu inaonekana ubahili. Wengine wanaitoa kwa kuguna, wengine hawaitoi kabisa, na Nesta alikuwa wa hao wasioitoa.

Alipika, akasafiri, akapika. Krismasi ikapita. Ikanyesha Desemba yote. Ikanyesha Januari.

Jumanne moja alikuwa akitoka na ndoo ya majivu, Alun Taka akawa ndiyo kwanza analiinamia pipa. Nesta hakuwa na nguvu za matusi msimu huo. Akamwaga majivu, akafunika, akageuka kurudi ndani.

"Mama Nesta," Alun akaita kwa sauti yake nyembamba. "Mwizi wako mwaka huu kastaafu?"

"Mwizi gani?"

"Si huyo wa mfuniko. Naona mwaka huu pipa lako linavaa kofia yake msimu mzima. Nikasema, lo, heri ya mwaka mpya."

Nesta akasimama. Ndoo ikamponyoka ikabingirika mpaka kwa jirani. Alilitazama pipa, akamtazama Alun, akalitazama pipa tena. Novemba unatoweka. Aprili unarudi umeoshwa. Mwaka huu haukutoweka. Na mwaka huu nani hayupo nyumbani?

"Ebo!" akasema. "Nimelala na mwizi kitanda kimoja!"

Akaunyakua mfuniko, akaingia nao ndani, akausugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka ukang'aa, akaufunga kwa taulo, akaenda kituoni. Lakini taulo halikutosha kuuficha wote, na dereva wa basi akaliona bati.

"Mama, na ngao hiyo, unakwenda vitani?"

"Nakwenda kumkamata mwizi," Nesta akamjibu, akaketi.

Idwal alikuwa amelala akiutazama ukuta. Nesta hakusema habari za jioni. Aliutoa mfuniko kwenye taulo, akauinua mbele yake kwa mikono miwili.

"Idwal. Kofia?"

Akageuka. Akautazama mfuniko. Halafu kifua kikaanza kumtikisika, na Nesta akadhani anazidiwa, akataka kumwita muuguzi, kumbe anacheka. Anacheka kwa nusu ya mdomo, mate yanamtoka, machozi yanamtoka. "Kofia," akasema polepole. Akauchukua mkono wa Nesta, akaukunja ngumi, akausimamisha juu ya blanketi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ngumi ile, akaifunika.

"Unaufunika juu," Nesta akasema. "Mvua isiingie."

Akaitikia kwa kichwa, na tena, na tena.

"Mwizi mkubwa wewe! Miaka yote namtukana mtoto wa watu! Wewe unakunywa chai unaniambia upepo!" Alikuwa akimpiga begani kwa taulo, na huku anambusu kichwa, na wagonjwa wenzake wamekaa vitako kutazama.

Ndipo Idwal akainua vidole vyake hewani, akavishusha vikichezacheza, akamtazama. Mvua. Tangu Novemba. Imeingia?

Nesta akalikunja taulo. "Nyasi bado kavu," akasema. "Nilizigusa jana. Kavu kama biskuti."

Hakuwa amezigusa. Ulikuwa uongo mtupu. Lakini kesho yake asubuhi, muuguzi alipomjia Idwal na fimbo ya kujifunzia kutembea, mzee hakugeukia ukutani. Alitoa mguu nje ya blanketi.

Asubuhi hiyohiyo Nesta na Gethin walikuwa juu bustanini wanafungua magunia. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Nyasi zilitoka kwa mafungu, zinachuruzika. Migomba miwili midogo ilikuwa laini kama uji; Gethin aliushika mmoja, ukamkatikia mkononi. Ule mkubwa, wa kopo la rangi, ulikuwa umeoza kuanzia kileleni. Nesta akatoa kisu cha mkate mfukoni, akaanza kuukata. Kipande, anatazama, cheusi. Kipande, anatazama, cheusi. Alishuka nao namna hiyo kutoka usawa wa kichwa mpaka kifuani, kutoka kifuani mpaka kiunoni. Chini kidogo ya kiuno kisu kikakutana na kitu kigumu. Nyama nyeupe, yenye majimaji safi.

"Hapa," akasema. "Hapa bado ni mti."

Gethin alikuwa amekaa kwenye matope, ameishika kofia yake kwa mikono yote miwili. "Nimemuulia, shemeji. Mti unapumua, mti unapumua! Mimi na mdomo wangu."

Nesta alikuwa na ulimi, bonde zima linajua, na siku hiyo alikuwa na sababu. Lakini alimwona vile alivyokaa ameinama upande mmoja kwa sababu ya mgongo, na akakumbuka ni nani aliyepanda mlima naye siku ile ya mvua, wakati wengine wote walimwambia aungoje tu ufe, atanunua mwingine. "Inuka," akamwambia. "Usingekuja, nisingekuwa hata na kisiki hiki. Nenda kalete nyasi kavu."

Nyasi kavu zilitoka kwenye banda la njiwa. Gethin aliwapokonya njiwa wake wa mashindano vitanda vyao, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binadamu yeyote, na njiwa wakamnunia mwezi mzima. Walikizungushia kile kisiki upya, wakashindilia, wakafunga. Juu kabisa Nesta akauweka mfuniko wa pipa, na juu ya mfuniko jiwe. Mvua ikaanza kuligonga bati. Walisimama wakaisikiliza.

Jumanne iliyofuata alimsubiri Alun Taka mlangoni. Alun alipomwona akainamisha kichwa kwa mazoea. Nesta alikuwa ameshika sahani, ile ya maua ya bluu ya harusi yake, na juu yake vikeki bado vya moto.

"Alun, mwanangu," akasema. "Nimekuita mwizi mbele ya watu. Nimemtaja na mama yako. Na ni mume wangu aliyekuwa akichukua."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Nilimwona mwaka wa kwanza tu. Amekumbatia mfuniko anapanda nao mlima, kama kijana aliyeiba kuku. Akaniomba nisiseme. Alisema, 'Nesta akijua ni kwa ajili ya mgomba, atauficha.'"

"Ningeuficha," Nesta akakiri.

"Basi nikanyamaza. Wakati baba yangu anaugua kifua, Idwal ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka kilabuni kila Ijumaa, akanywe na wenzake. Matusi ya Jumanne ni kitu gani?" Alun akachukua keki moja, akaila yote kwa mkupuo. "Na zaidi nilishayazoea. Mwaka huu ulivyonyamaza, nilikuwa nakosa kitu."

"Kwa hiyo siku ile ya kofia..."

"Niliahidi kutosema, mama. Sikuahidi kutochokoza."

Nesta alitaka kumwambia asante. Neno lilifika kooni likasimama hapo, halijui njia. Akamsukumia sahani yote kifuani. "Nenda nayo. Na usinirudishie tupu."

Yalikuwa majira ya baridi marefu. Hospitalini Idwal alisimama kwa fimbo, kisha akaenda mpaka dirishani, kisha mpaka kwa muuguzi na kurudi, jasho linamtoka. Watu walimsifia Nesta, "Mumeo ana moyo!" naye akaitikia huku roho inamwuma, maana alijua mzee anajifunza kutembea ili aende kuuona mti ambao pengine haupo. Mwezi wa Machi baridi kali ikashuka, madimbwi yakaganda. Mara kadhaa alipanda mlima kwa nia ya kuuinua mfuniko atazame. Kila mara aliligusa jiwe, akashuka. Akiutazama angejua, na akijua ingembidi aseme.

Aprili Idwal akarudi nyumbani. Hakutaka chai. Alisimama jikoni na fimbo yake, akaelekeza kidole mlimani, na ikawa hakuna la kumzuia. Gethin akamshika upande mmoja, Alun Taka upande wa pili, Nesta nyuma na kiti cha kukunja, na manyunyu yanawashukia wote. Watu walitokeza madirishani. Walishangilia. Na Twm Mkate, mjinga yule, akapiga kelele kutoka mlangoni kwake:

"Ndizi ziko wapi, Idwal?"

Idwal akasimama. Mdomo ukahangaika, hakuna kilichotoka. Nesta akaona shingo ya mumewe inainama, akajibu yeye, kwa nguvu.

"Zinakuja!"

Wakafika. Idwal akaliondoa jiwe kwa mkono wa kushoto, kisha mfuniko. Akatia mkono kwenye nyasi na kuunyanyua. Mkono ulitoka mkavu. Akaanza kuzichota, taratibu. Zilishuka, zikashuka, na bado hapakuonekana kitu, wala shina la kwanza, wala la pili. Akamgeukia Nesta.

"Nilikudanganya," Nesta akasema. "Nyasi zilikuwa maji matupu. Ile miwili imeoza, na huu nimeukata mimi mwenyewe kwa kisu cha mkate. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeanza kuinuka. Nigombeze ukitaka."

Idwal akaendelea kuchota. Chini ya kiuno kisiki kikatokea, kimekunjamana, kahawia, kama kitu cha kutupwa motoni. Gethin akatazama pembeni. Idwal akainama mpaka uso ukakaribia kugusa, akaufuta uchafu pale katikati kwa kidole gumba. Akafuta tena.

Katikati ya ule ukahawia palikuwa na ncha ya kijani, imejisokota vizuri kama mwavuli uliofungwa, haizidi urefu wa kidole. Gethin aliiona, akapiga yowe lililowarusha njiwa wake kule bandani. Alun alikuwa analia waziwazi na pua inamtoka.

Idwal akasimama wima. Alimtazama mkewe, na midomo ikaanza kutafuta. Alitafuta muda mrefu, uso umemwiva, na wote watatu walijua neno analolitafuta, na wote walijua hanalo tena. Mwisho akaacha kutafuta. Akaokota mfuniko wa pipa, akaupangusa kwa mkono wa koti lake, akauinua kwa ule mkono wake mmoja mzima, na taratibu kabisa akamwekea Nesta kichwani.

"Kofia," akasema.

"Nesta Kofia!" Gethin akapaza sauti, na Alun akaitikia, "Nesta Kofia!" na kutoka madirisha ya chini ambako hata hawakuona kitu, watu wakalidaka jina na kulipeleka mbele, mlango kwa mlango, mpaka kanisani.

Ndivyo mwanamke wa kwanza wa Cwm Helyg alivyopata jina lake mwenyewe. Yeye hakulisikia wakati ule, maana mvua ilikuwa ikigonga bati juu ya masikio yake. Alimshika Idwal mkono ule uliolala, akamtazama Gethin, akamtazama Alun, akakitazama kijani kile kidogo. Hakuwa na sahani. Hakuwa na hata keki moja mfukoni.

"Asanteni," Nesta akasema kwa mdomo, kwa sauti, mbele ya watu.